Tanki Lililojaa Wakati wa Matangazo

Nyumba za Wafanyakazi,
Kiwanda cha Sukari cha Lumasa,
Kakamega.
Jumamosi, 15 Juni 1996.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama na wote mlio hapo nyumbani Malava. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lile liwe limekupa nafasi ya kupumzika. Mimi huku ni mzima, ila hiki kikohozi cha makapi ya miwa ambacho kila mtu kiwandani anacho na hakuna anayekiita ugonjwa. Je, mahindi yamepaliliwa? Ile ng'ombe ya mabaka imezaa, ama bado inawachezea? Na wewe likizo unaipumzikia kweli, ama Mama alikuwa amekuwekea jembe mlangoni kabla hujafika? Mimi jibu ninalo, lakini nimeuliza kwa adabu.

Wenzako wa lango kuu wanakusalimu. Kila nikipita wananiuliza mzee wa pampu anarudi lini, maana Wekesa, yule waliyemweka kukushikia zamu mtoni, analalamika kwamba pale ni upweke mtupu, hakuna wa kuongea naye ila vyura. Nimemwambia wewe umeilinda nyumba ile ya pampu tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na sijawahi kusikia ukilalamikia vyura.

Baba, nimekuandikia barua ndefu kwa sababu uliondoka huku mambo yakiwa moto. Najua ulisikia kwamba kiwanda kilisimama. Lakini sidhani kuna aliyeteremka mtoni kukueleza ni kwa nini, maana hapa watu wa ofisini wakishafika kwenye kona ya kantini huwa wamechoka. Nataka nikueleze mimi, tena kwa utaratibu. Unanijua nilivyo. Kitu kisipoeleweka hakinipi usingizi, na kikieleweka sipumziki mpaka nimpate wa kumweleza.

Ninachokifanya hapa, ambacho umezoea kukiita kazi ya kutazama saa, ni kutunza vipimo. Tuchukue lile tanki kubwa la maji lililo karibu na nyumba yako ya pampu. Mtu wa chumba cha mitambo, ambaye siku nyingi huwa ni George, hawezi kuteremka mtoni kila mara kuchungulia maji. Kwa hiyo kwenye tanki kuna kipimo, na kutoka kwa kipimo kuna waya mbili nyembamba zinazopita ndani ya kijisanduku cha chuma ukutani kwako, kisha zinapanda mlima mpaka kwa George. Stima inayopita humo ni ndogo sana, haiwezi hata kuwasha tochi. Maji yakiwa machache inapita kidogo, yakijaa inapita mara tano ya hiyo, na mshale ulio mbele ya George unapanda. Kuna jambo moja lililonifurahisha tangu nilipofundishwa pale chuo cha ufundi cha Sigalagala. Hata tanki likiwa tupu kabisa, ile stima haiishi. Inabaki kidogo. Waliobuni jambo hili walitaka tanki tupu na waya uliokatika visifanane, ili mtu akiona hakuna kinachopita kabisa, ajue shida ni waya wala si maji.

Shida yetu ilikuwa kinyume cha hapo. Jioni moja mshale wa George ulipanda mpaka juu na kukwama huko. Mtambo uliposoma kwamba tanki limejaa, ulizima pampu wenyewe, kama ulivyofundishwa. George akaketi kwa amani akinywa chai yake. Na maji yakaendelea kutumika huku hakuna yanayoingia, mpaka boila ikaanza kupiga king'ora na ikabidi moto uzimwe kwa haraka. Baba, boila ikikosa maji huku moto unawaka, haituulizi nani ana watoto na nani hana. Tuliponea hapo. Lakini kiwanda kililala, na trela za miwa zikapanga foleni mpaka nje kwenye barabara ya Shianda. Wakulima walitutukana kwa lugha zote wanazozijua, na sikuwalaumu, maana miwa iliyokatwa ikikaa juani inakauka na uzito wake unakwenda na jua.

Nilipofungua kabati la waya nilikuta harufu ya kuungua. Kila waya wa kipimo unapoingia kwetu unapita kwenye kipande kidogo, kidogo kuliko punje ya mahindi, na hicho ndicho kinachopimwa. Kipande cha tanki la mto kilikuwa kimegeuka cheusi, na kadi ya mtambo iliyo nyuma yake, ile inayosoma vipimo, ilikuwa imekufa. Tukabadilisha. Baada ya siku chache vikaungua tena. Tukabadilisha, vikaungua tena. Kadi hizo zinatoka ng'ambo, na stoo sasa imebaki moja tu.

Hapo ndipo jina la Osiako likaanza kutajwa. Sijui kama unamfahamu, ni yule fundi wa waya mrefu, mpole, anayeishi nyumba inayopakana na yangu pamoja na mke wake Maurine. Yeye ndiye mtu wa mwisho kufungua kile kijisanduku cha mtoni wakati wa matengenezo. Na kwa bahati mbaya alikuwa amejibizana na msimamizi mbele ya watu kuhusu saa za ziada. Basi watu wakajumlisha. Wakasema ameunga waya vibaya makusudi ili kiwanda kisimame. Akasimamishwa kazi. Jumanne hii inayokuja atasimama mbele ya kamati ya nidhamu, na msimamizi ameshatangaza kwamba akipatikana na hatia hatafukuzwa tu, atakabidhiwa polisi kwa kuharibu mali. Maurine amejifungua juzijuzi. Nikitoka kuanika nguo namwona amekaa kwenye ngazi na mtoto mgongoni, vyombo vyake nusu ameshavifunga kwenye gunia, kwa sababu wameambiwa wakae tayari kuhama. Haniulizi kitu. Ananisalimu tu.

Mimi sikuamini, Baba. Si kwa sababu Osiako ni jirani, ila kwa sababu jambo lenyewe halikukaa sawa kichwani. Waya uliounganishwa vibaya huwa mbaya asubuhi na jioni. Huu wetu ulikuwa mzima mchana kutwa, halafu ukitaka kuchafuka unachafuka jioni. Nikamwendea Injinia Philemon nikamwomba ruhusa ya kufuatilia. Yeye ni mtu wa kusikiliza. Alisema nifuatilie, ila nifanye haraka, kwa sababu kamati haingojei udadisi wa mtu.

Kwanza nililaumu radi. Nani hapa Kakamega asingelaumu radi? Mvua ya alasiri ikipiga unafikiri mbingu inahamisha samani. Lakini nilipokumbuka jioni zile za kuungua, nyingi zilikuwa kavu. Kisha nikawalaumu mafundi wa kuchomelea, maana wana tabia ya kubana waya wao wa kurudishia stima kwenye bomba lolote lililo karibu, na stima hiyo hutafuta njia ya kurudi popote, hata kwenye waya zetu nyembamba. Nilikwenda kuwagombeza kabla sijachunguza, wakaniambia kwa upole kwamba wao hufunga kazi mapema na jioni huwa wako makwao. Nikarudi na aibu yangu.

Aliyenifungua macho ni George, tena bila kujua. Nilikuwa namuuliza kwa mara nyingine mshale hupanda wakati gani, naye akachoka nami, akasema, "Wewe Awinja, hii tanki inajaanga tu wakati wa vifo." Nikamuuliza vifo gani. Akanionyesha redio yake juu ya dirisha. Alimaanisha matangazo ya vifo ya jioni, yale ya lugha yetu, yanayosema nani ametutoka, ni wa ukoo gani na atazikwa wapi. Alisema yeye huyasikiliza kila jioni, na mara nyingi mshale umekwamia juu wakati anasikiliza. Alilisema kama mzaha. Mimi nilihisi nywele zikinisimama.

Nikakumbuka ujanja wa mwalimu wetu mmoja wa Sigalagala. Alitufundisha kwamba ukishuku kuna kinachovuta stima kupita kiasi kwenye waya za kipimo, chukua taa ndogo ya nyuma ya baiskeli uiunge katikati ya waya mmoja. Stima ya kawaida ya kipimo haiwezi kuiwasha, itapita kimyakimya. Ikizidi, taa itakwambia. Injinia Philemon alipenda wazo hilo mpaka akaenda mwenyewe kuing'oa taa kwenye baiskeli yake, nami nikabadilisha kile kipande kinachoungua nikaweka kinene cha kuvumilia joto.

Jumapili jioni nikaketi mbele ya kabati. Injinia alikuwa kanisani. George akafungua redio yake, wimbo wa kuanzia ukapigwa, mtangazaji akakohoa, akaanza. Na taa yangu ikawaka, Baba! Ikawaka nyekundu kama kaa la moto. Nilipiga kelele mpaka George akamwaga chai. Lakini la kushangaza lilikuwa bado. Taa ile haikutulia. Mtangazaji akipaza sauti kutaja jina, inang'aa. Akinyamaza kuvuta pumzi, inafifia. Nilimwambia George azime redio yake, nikifikiri ndiyo inayotuchezea. Akazima. Chumba kikawa kimya, na taa ikaendelea kucheza peke yake. Nikamwambia afungue tena. Sauti na taa vilikuwa vinakwenda pamoja, neno kwa neno. Nilikuwa natazama matangazo ya vifo kwa macho. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile tangu nianze kazi hii, na nakwambia ukweli kwamba kwa dakika nzima nilifurahi tu, nikasahau Osiako, nikasahau boila.

Kisha nikafikiri. Maana yake ilikuwa moja. Mahali fulani kwenye waya zile palikuwa na redio nyingine, iliyofunguliwa stesheni ileile, na redio hiyo haikuwa na betri. Ilikuwa inakula kwetu. Redio huvuta stima zaidi inapopaza sauti, ndiyo maana taa ilicheza. Na mzigo wake ulikuwa mara nyingi ya ule wa kipimo, kwa hiyo mshale ulidhani tanki limejaa, na kile kipande kidogo kikawa kinaungua kwa kubeba kisichokuwa chake. Nilipiga hesabu usiku huo kitandani na ikatoka sawasawa. Hata nikaona kwamba kilichokuwa kinaungua kwetu ndicho kilichokuwa kinaikinga redio ile isiungue.

Baba, waya zile hazipiti kwa mtu mwingine. Zinatoka mtoni zinakuja kwetu.

Jumatatu asubuhi nilishuka mtoni nikitaka kuzungumza nawe. Wekesa akaniambia umeondoka alfajiri kwenda likizo. Nikafungua kile kijisanduku ukutani. Ndani, waya mbili zilikuwa zimemenywa kidogo, na juu yake zimefungwa nyaya nyingine zinazoshuka nyuma ya kiti chako. Mwisho wake nilikuta vipande vya gunzi la mahindi, vimechongwa sawa na urefu wa betri, na misumari imepigwa kila upande ili vikae ndani ya redio mahali pa betri. Kazi safi sana. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa fundo la kufungia miguu ya jogoo wa kupeleka sokoni, lile la mizunguko miwili na kitanzi, ambalo hapa duniani nimeona likifungwa na mtu mmoja tu. Nilikaa kwenye kiti chako nikayashika magunzi yale, na nililia.

Sikulia kwa hasira. Nililia kwa sababu nilijua ni kwa nini. Nakumbuka mwaka jana Senge Jescah alipofariki kule kwa wakwe zake. Walitangaza kwenye redio jioni mfululizo, na redio yako betri zilikuwa zimekwisha, umezianika juani mpaka zimekataa. Ulikuja kuambiwa sokoni, dada yako ameshazikwa. Kaka mkubwa ndiye wa kusimama kaburini kusema neno, na watu walisimama wakiulizana yuko wapi. Uliporudi kutoka kuwapa pole, ulikaa nje ya nyumba hukula, na Mama akatuambia tukuache. Na wiki hizi za karibuni hujakosa kifo hata kimoja, jirani wala ukoo. Mimi nilikuwa naona ajabu tu. Redio ile nilikununulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza, na nilijisifu nayo mbele ya watu, lakini hata siku moja sikukuuliza betri unapata wapi.

Nadhani ninajua ulivyofikiri pia. Stima kubwa ya pampu usingeigusa, kwa kuwa ni ya kampuni na ungeona ni wizi. Hizi nyembamba ulizionja kwa ulimi, kama unavyoonjanga betri, ukaona zinachoma kidogo tu, ukasema hiki ni kitu kinachopita bure, hakimpunguzii mtu. Hukujua zinasema nini kule juu. Hakuna aliyewahi kukwambia. Sisi wa vipimo tunapita pale tukibeba vifaa, tunakusalimu, tunafungua sanduku, tunafunga, tunaondoka.

Jumatano nilimwambia Injinia Philemon kwamba chanzo nimekipata na si Osiako. Nikamweleza taa ilivyocheza. Akasema yeye pia ana macho na anajua waya zile zinapita wapi, lakini angependa kusikia kwa mdomo wa mwenyewe. Akaniambia wazi kwamba meneja hatapokea hadithi ya taa ya baiskeli. Kamati inataka mtu. Tumeshaweka kinga kwenye kila waya wa kipimo, fyuzi nyembamba kama unywele, na kipande kingine cha kumeza stima ikizidi. Sasa hata mtu akikosea waya namna gani, fyuzi itakatika, mshale utaanguka chini kabisa, na George atajua ni waya wala si maji. Hakuna kadi itakayoungua tena. Lakini hayo hayamrudishi Osiako kazini.

Siku zote hizi nimekuwa na jina lako mdomoni. Nalimeza tu. Wewe umebakiza kidogo ustaafu, na najua wanaweza kukufukuza. Wanaweza pia kukusikiliza, Injinia amesema atasimama upande wako, na hata mimi nitasimama, lakini siwezi kukuahidi. Ninachoweza kukwambia ni hiki, na nakuomba unisamehe ninavyokisema. Usipokuja Jumanne, nitalitaja jina lako mbele yao mimi mwenyewe. Sitamwacha Maurine ahame na mtoto mchanga kwa ajili ya kimya changu. Nimeona ni heri ulisikie kutoka kwangu, tena kwa maandishi, kuliko ukutane nalo barabarani kutoka kwa George, ambaye mdomo wake unaujua.

Msalimie Mama sana. Mwambie asiogope, na kwamba kitambaa alichoniagiza nimekinunua. Wasalimie majirani wote na watu wa kanisani. Mungu awalinde.

Kabla sijaweka kalamu chini. Jana jioni nilishindwa, nikaenda kwa Osiako nikamweleza yote. Nilitegemea akimbie kwa meneja usiku huohuo, na angekuwa na haki. Akamchukua mtoto kwa mkewe, akampakata, halafu akaniuliza kama mzee alifaulu kusikia vifo vyote. Nikamwambia nadhani ulivisikia vyote. Nikamwambia pia kesho yake nitakuandikia barua. Akasema, "Mzee haitwangi na karatasi peke yake. Nipe hiyo barua, nitaenda nayo."

Kwa hiyo, Baba, kijana mrefu aliyekukabidhi barua hii, ambaye sasa amekaa anakungoja uisome, ndiye Osiako. Amesema hana haraka, atarudi nawe Jumatatu. Mpe chai.

Ni mimi bintiyo akupendaye,

Awinja